HAKI NA WAJIBU: Shamba la Mnyonge Mbele ya Katiba



Katika Ituri yetu neno «mpaka» ni neno jepesi kutamka, lakini limekwisha kuvunja udugu mwingi. Watu waliochota maji kisima kimoja na kusali kanisa moja wameacha kuamkiana kwa sababu ya hatua chache za udongo. Na jambo la kuhuzunisha ni hili: wengi wanaogombania ardhi hawajui sheria kubwa ya nchi yasema nini juu yake. Mwenye nguvu hudhani kwamba fedha na bunduki ni hati. Mnyonge naye hudhani kwamba asiye na karatasi hana haki yo yote. Wote wawili wamekosea.

Basi, juma hili tuifungue Katiba, tuone imeandika nini juu ya mali ya mtu. Wanafunzi wasome polepole, na wazazi wasiojua kusoma wasomewe, maana jambo hili ni la nyumba nzima.

Katiba yasema nini?

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kwa kura ya wananchi mwezi wa Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Habari za mali zimo katika kifungu cha 34. Nitaeleza maana yake kwa maneno yangu, nanyi mtaona kwamba mambo yake makubwa ni manne.

La kwanza: mali ya mtu ni takatifu. Katiba imetumia neno tulilolizoea kanisani, ili kila mtu ajue kwamba mali ya mwenziwe si kitu cha kuchezea.

La pili: Serikali yaahidi kuilinda mali ya mtu mmoja, na pia mali ya watu walio pamoja, kama vile ukoo au kijiji. Na mali inayolindwa ni ile iliyopatikana kwa njia ya sheria au kwa njia ya desturi.

La tatu: hakuna awezaye kunyang'anywa mali yake ila kwa ajili ya faida ya watu wote, naye sharti alipwe kwanza fidia ya haki.

La nne: mali ya mtu haiwezi kukamatwa ila kwa amri ya hakimu mwenye mamlaka.

Hebu tutazame maneno mawili madogo yaliyomo humo. Neno moja ni «desturi». Walioandika Katiba walijua kwamba wananchi wengi wa Kongo walipata mashamba yao kwa baba na babu, kwa kuonyeshwa na mzee wa ukoo mti huu na kijito kile, wala si kwa kuandikiwa katika ofisi ya mji. Wangeandika «sheria» peke yake, wakulima wengi wangebaki nje ya mlango. Neno la pili ni «kwanza». Mtu anayeambiwa, «Bomoa nyumba yako leo, fidia itakuja mwaka ujao,» anaweza kujibu kwa adabu kwamba Katiba imepanga mambo kinyume: malipo hutangulia, kubomoa hufuata.

Lakini udongo ni wa nani?

Hapo msomaji mwerevu atauliza: «Mwalimu, mbona tumesikia kwamba ardhi yote ni ya Serikali? Katiba yawezaje kulinda shamba langu, kama shamba si langu?» Swali hili ni la haki, na jibu lake lina historia ndefu.

Tarehe 1 Julai 1885, katika siku za Mfalme Léopold II, ilitolewa amri kwamba ardhi zilizo wazi, yaani zisizokaliwa, zahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Wageni walitazama nchi, wakaona mahali pasipo nyumba, wakasema, «Hapa hapana mtu.» Hawakuelewa kwamba pale palikuwa malisho ya ng'ombe, au pori la kuwinda, au shamba lililopumzishwa ili lirudishe nguvu zake. Hivyo konsesio kubwa zikakatwa, na katika nyanda za juu za Djugu na Irumu Wazungu wakapata mashamba ya kahawa na ya mifugo.

Baada ya uhuru ilikuja sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, iliyoirudishia Serikali ya Kongo mamlaka juu ya ardhi iliyokuwa imegawiwa na wakoloni. Kisha ikaja sheria kubwa ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria hiyo iliandika kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, wala hauwezi kuuzwa. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia, nayo haki hiyo ni konsesio: ya daima kwa raia wa Kongo, au ya miaka iliyohesabiwa. Nyumba aliyoijenga na miti aliyoipanda ni yake.

Basi, Katiba hulinda kitu gani? Hulinda haki ile ya kuutumia udongo, pamoja na vyote vilivyojengwa na kupandwa juu yake. Haki hiyo ni mali kama ng'ombe alivyo mali. Yarithiwa, ina thamani, na anayeiondoa sharti ailipie. Kadhalika yafaa kujua kwamba Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha 9, inasema Serikali ina enzi ya daima juu ya udongo, mali za chini ya ardhi, maji na misitu. Kuwa na enzi ni kutawala kwa faida ya wote. Mwenye enzi hana ruhusa ya kumnyang'anya mtoto wa nyumba.

Hata hivyo, sheria ya 1973 iliacha shimo moja kubwa. Ilisema kwamba ardhi za wanavijiji nazo ni za Serikali, na kwamba haki zao juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka arobaini ilipita, na amri hiyo haikutolewa. Mwanakijiji alibaki amesimama mlangoni: desturi yamwambia, «Hili ni lako,» na ofisi yamwambia, «Lete hati.»

Jeraha la Ituri

Sisi watu wa Bunia hatuna haja ya kwenda mbali ili tuone matokeo ya shimo hilo.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi wa Zaire. Mashamba ya Wazungu katika Ituri yakapata wenyeji wapya. Lakini si kila mtu aliyejua njia ya ofisini. Waliokuwa na elimu, vyeo na marafiki katika utawala ndio waliopata kwa wingi. Kwa kuwa Wahema wengi walitangulia kupata shule na vyeo tangu siku za Wabelgiji, walipata nafasi kubwa kuliko majirani wao Walendu. Nasema hivi ili tuelewe mzizi wa ugomvi, si kwa kuwalaumu watu wa kabila lo lote, maana Wahema maskini wasio na konsesio walikuwako, na wako hata leo.

Sheria ina neno jingine ambalo kila mkulima sharti alijue. Mtu akipata hati ya kuandikishwa, na miaka miwili ikipita bila kupingwa mahakamani, hati hiyo haitikisiki tena. Aliyedhulumiwa aweza kudai fidia tu. Neno hili liliwekwa kwa nia njema, ili mwenye hati akae kwa amani. Lakini tuseme mtu mjanja ameipimia ofisini ardhi wanayokaa watu wengine, akaificha hati yake sandukuni muda wa miaka miwili, kisha akaitoa na kuwaambia waondoke. Watu wale walikuwa wakilima kama kawaida, hawakujua lo lote. Wataona nini ila kwamba sheria imekuwa mtego?

Mwaka 1999, katika Walendu Pitsi, wilaya ya Djugu, ugomvi ulizuka juu ya konsesio ambazo wenye nazo walishitakiwa kwamba wataka kuzisogeza mipaka yake na kuwafukuza jirani zao. Cheche hiyo ikaangukia nyasi kavu, kwa maana jeshi la Uganda lilikuwamo nchini na silaha zilipatikana kwa urahisi. Mpaka mwaka 2003 watu waliouawa katika Ituri, kwa hesabu ya watetezi wa haki za binadamu, walipita 50,000, na waliokimbia makwao walikuwa laki tano au zaidi. Vita vile vilikuwa na sababu nyingine pia, kama dhahabu na tamaa ya utawala. Lakini mlango wa kwanza ulikuwa mpaka wa shamba.

Wasomaji mnakumbuka habari za Nabothi katika Kitabu cha Wafalme. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu, naye Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezabeli hakutuma jeshi. Aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, akatafuta mashahidi wa uwongo, akaitisha baraza. Kila kitu kilionekana kuwa cha sheria, na Nabothi akafa kwa mawe. Tangu zamani za kale, basi, karatasi yenye muhuri imeweza kuwa silaha kali kuliko mkuki, ikiwa hakimu na mwandishi hawamwogopi Mungu.

Hukumu ya Bogoro

Tusikate tamaa, kwani ziko hukumu zilizoonyesha kwamba mali ya mnyonge yaweza kuhesabiwa.

Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kusini ya Bunia, kilishambuliwa. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe na mabati vikachukuliwa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ilimhukumu Germain Katanga tarehe 7 Machi 2014. Miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo, pamoja na mauaji, yalikuwamo kuharibu mali na kupora. Tarehe 24 Machi 2017 mahakimu wakatoa amri ya fidia kwa watu 297. Walihesabu nyumba, mifugo na mazao yaliyopotea, kisha maumivu ya moyo, wakaona hasara yote ni dola 3,752,620. Katanga akatwikwa deni la dola milioni moja. Kwa kuwa hakuwa na kitu, mfuko wa wahasiriwa ndio uliolipa. Kila mmoja alipangiwa dola 250, na pamoja nazo msaada wa makao, wa kazi, wa masomo ya watoto na wa kutibu majonzi.

Dola 250 hazijengi upya maisha ya mtu. Lakini tazameni jambo lililofanyika: kibanda cha udongo na mbuzi wa mjane viliandikwa katika kitabu cha mahakimu wa dunia, na kuvipora kukaitwa uhalifu wa vita.

Jirani zetu Watanzania wana fundisho lao. Katika siku za kuhamishia watu vijijini, wakulima wengi walipoteza mashamba yao ya asili. Baadaye, mwaka 1992, Bunge lilitunga sheria ya kuzifuta haki hizo za desturi bila fidia. Mzee mmoja wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, na mwanawe Joseph, wakaipinga mahakamani. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya ardhi iliyopatikana kwa desturi ni mali kweli, inalindwa na Katiba, wala haiwezi kuondolewa pasipo fidia ya haki. Wakulima wawili walisimama mbele ya Serikali nzima, nayo Katiba ikawa ngao yao. Katika Kenya nako, Waogiek wa msitu wa Mau walishinda mwaka 2017 mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha.

Na huku kwetu, tarehe 15 Julai 2022, ilitolewa sheria ya kuwalinda wenyeji wa asili wa misituni. Yawahusu ndugu zetu Wambuti wa Mambasa, ambao kwa muda mrefu walitazamwa kama wapita njia katika msitu wa babu zao.

Yatupasa kufanya nini?

Sheria njema isiyojulikana ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Kwa hiyo nawapeni mashauri sita.

1. Andikeni. Wahenga walisema, «Mali bila daftari hupotea bila habari.» Ukinunua kiwanja, ambacho sisi Bunia twakiita parsele, andikisha mapatano mbele ya mashahidi, pamoja na majirani wa pande zote nne. Lakini jueni kwamba karatasi ya mapatano, hata ikiwa na muhuri wa mkuu wa mtaa, ni ushahidi tu. Katika sheria ya 1973, hati yenye nguvu kamili ni ile ya kuandikishwa, itolewayo na msimamizi wa hati za ardhi.

2. Msinyamaze wapimaji wanapokuja. Kabla ya ardhi ya mashambani kutolewa kwa konsesio, sheria yaagiza uchunguzi ufanywe mahali penyewe, ili ijulikane nani anakaa pale na ana haki gani. Mkiona mtu anapima na kusimika mawe ya mipaka, ulizeni kwa upole: «Kwa amri ya nani? Kwa faida ya nani?» Kisha pelekeni neno lenu kwa maandishi, mkabaki na nakala. Kumbukeni ile miaka miwili.

3. Serikali ikihitaji ardhi yako kwa barabara au hospitali, usikatae kwa matusi. Omba uonyeshwe uamuzi wenyewe. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 yataka mwenye mali ajulishwe, naye ana mwezi mmoja wa kuleta maneno yake. Msipopatana juu ya bei, mahakama ndiyo itakayoamua.

4. Mtu akija na silaha kukamata pikipiki au mbuzi kwa sababu ya deni, muulize amri ya hakimu iko wapi. Ukiona maisha yako yamo hatarini, mwache achukue, uende kushitaki. Uhai hautolewi fidia.

5. Msiwanyang'anye wajane na yatima. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 imewapa watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume, mafungu yaliyo sawa, na mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi na mumewe. Shemeji anayekuja siku ya tatu ya msiba na kufuli mkononi avunja sheria, hata akiita uroho wake «desturi ya ukoo».

6. Kwa waliotoroka. Tangu Desemba 2017 maelfu kwa maelfu wamekimbia vijiji vya Djugu, na wengi wamekaa miaka katika kambi, hata hapa Bunia katika kambi ya Kigonze. Wengine wakirudi wakuta mtu mwingine amepanda mihogo katika uwanja wao. Ndugu, kukimbia risasi si kuuza shamba. Lakini usishike panga. Kusanya mashahidi wa zamani, tafuta wazee wa pande zote mbili, tafuta wapatanishi wanaoaminiwa, kisha, ikiwa haikufaa, mahakama. Nawe uliyekalia uwanja wa mwenzio, huenda wewe pia ulifukuzwa kwenu. Hata hivyo, machozi yako hayakukupa haki juu ya machozi ya mwingine.

Wajibu wa mwenye mali

Ukurasa huu huitwa Haki na Wajibu, kwa hiyo nisimalize na haki peke yake. Kifungu kile kinachomlinda mwenye banda chamlinda na mwenye konsesio ya hekta mia. Anayeuchoma uzio wa tajiri kwa sababu tu yeye ni maskini avunja Katiba ile ile anayoiombea msaada. Na anayelisogeza jiwe la mpaka usiku, hata kwa kiganja kimoja, amewawekea watoto wake ugomvi badala ya urithi.

Lakini mwenye konsesio naye asikie. Sheria yamtaka aitumie ardhi aliyopewa, wala asiiache kuwa pori huku majirani hawana mahali pa kupanda maharagwe. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba haki ya mtu juu ya mali yake ina kiasi, na kwamba hakuna ruhusa ya kujiwekea ziada wakati wenzetu wakosa riziki. Yule aliye na nyingi aweza kukodisha kwa bei nafuu, au kupatana na kijiji juu ya njia ya ng'ombe na maji. Mapatano ya namna hiyo, yakiandikwa na kushuhudiwa, yalinda konsesio kuliko uzio wa seng'enge.

Wazazi, jioni moja ya juma hili waketisheni watoto wenu. Waonyesheni mipaka ya shamba, mti kwa mti. Waambieni majina ya majirani na ya mashahidi. Watoeni hati kutoka chini ya godoro, muwasomee, kisha fanyeni nakala na kuiweka mahali pengine. Na kama hamna hati, anzeni kesho kuuliza njia yake, kabla mtu mwingine hajaanza.